Pesa yako ukiwa ughaibuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu programu za simu

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokutana, iwe kwenye kikao cha jumuiya, arusini au msibani: laini ya nyumbani imefungwa, muamala umekwama, mtu katuma kwenye namba siyo. Majibu yanawalenga hasa Watanzania na Wakenya walioko Uingereza, Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ila ndugu wa Congo, Uganda, Rwanda na Burundi watakuta mengi yanawahusu pia. Ada na bei za kubadilisha fedha hazikai siku mbili bila kubadilika, kwa hiyo hapa utajifunza namna ya kupima mwenyewe.

## Laini ya nyumbani

1. Kabla ya kusafiri, nifanye nini na laini yangu?

Ilinde kuliko hata kadi ya benki. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (ndiyo ile Tigo Pesa ya zamani), HaloPesa na programu karibu zote za benki za nyumbani zinakutambua kwa namba hiyo. Ikipotea, unabaki na pesa unayoiona kwa macho lakini huwezi kuigusa.

Kwanza, hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, si la shemeji wala la rafiki aliyekusaidia mwaka ule kitambulisho chako kilipokuwa hakijatoka. Piga *106# ufuate maelekezo. Pili, washa romingi (huduma ya kutumia laini ukiwa nje) ukiwa bado nchini. Tatu, pakua programu ya benki na ya mtandao wako kwenye simu utakayosafiri nayo, uingie humo angalau mara moja, kwa sababu usajili wa kwanza kwa kawaida unataka laini iwe ndani ya simu hiyo hiyo.

Ukifika, weka laini ya nyumbani upande wa pili wa simu na uzime data yake. Kwa mitandao mingi kupokea meseji ukiwa nje hakukugharimu kitu, ila data ikibaki wazi salio lote linaisha kabla hujatoka uwanja wa ndege. Kama simu yako inakubali eSIM (laini isiyo na kadi), tumia eSIM kwa namba ya ugenini, kadi ya nyumbani ibaki mahali pake.

2. Laini yangu imekaa kwenye droo muda mrefu bila kutumika. Kuna tatizo?

Lipo. Mitandao hufunga laini isiyotumika kwa miezi kadhaa mfululizo, na baadaye namba anaweza kupewa mteja mwingine. Hapo meseji za benki yako zinaanza kumfikia mtu usiyemjua. Mara moja kwa mwezi iweke kwenye simu, nunua muda wa maongezi wa kiasi kidogo, tuma meseji moja. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu, usitegemee kichwa.

3. Laini imepotea nikiwa huku. Ndugu anaweza kunirudishia?

Kwa Tanzania ni vigumu sana, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na anayetakiwa kuweka kidole dukani ni mwenye laini. Usimwombe ndugu aisajili upya kwa jina lake ili "isipotee". Kufanya hivyo ni kumhamishia mlango wa pesa zako, na hata kama unamwamini, siku akiugua au mkikosana hakuna karatasi inayosema zile pesa ni zako.

Cha kufanya siku hiyo hiyo: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ukitumia namba yao ya kimataifa, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe kwa muda. Kisha ijulishe benki, uulize kama wanaweza kukutambua kwa barua pepe na pasipoti hadi utakapofika nyumbani. Benki zenye akaunti za diaspora zimezoea maombi haya zaidi ya nyingine. Ndiyo maana akiba kubwa haifai kukaa kwenye laini. Iweke benki, kwenye simu ibaki ya matumizi.

## Akaunti ya ugenini

4. Ndiyo kwanza nimefika, sina hati ya umeme wala historia yoyote. Nitapata akaunti?

Utapata. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inampa kila mtu anayeishi humo kihalali, wakiwemo waombaji hifadhi, haki ya akaunti ya msingi ya malipo. Ukikataliwa kaunta, taja jina hilo, "akaunti ya msingi", na uombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi.

Uingereza benki za kwenye simu kama Monzo na Starling hukagua pasipoti na video fupi ya uso, jambo ambalo limewasaidia wengi waliokuwa wakizungushwa na benki za mtaani. Kumbuka kuwa zile kadi za ukaaji za plastiki ziliisha muda mwishoni mwa 2024 na hali yako sasa inathibitishwa kwa eVisa (kibali cha ukaaji cha mtandaoni), kwa hiyo jina lililoko kwenye eVisa lifanane herufi kwa herufi na utakalojaza kwenye programu. Mwajuma Ally Hamisi wa kwenye pasipoti na Mwajuma Hamisi wa kwenye fomu ni watu wawili mbele ya kompyuta.

5. Pesa iliyomo kwenye programu ni salama sawa na ya benki?

Si lazima. Programu yenye leseni ya benki ina bima ya amana: euro 100,000 kwa kila mteja katika Umoja wa Ulaya, dola 250,000 Marekani. Programu nyingi za kutuma fedha hazina leseni ya benki. Zinalazimika kutenga pesa za wateja mbali na za kampuni, lakini kutenga si bima, na kampuni ikianguka unaweza kusubiri muda mrefu. Soma chini kabisa ya tovuti yao, maandishi madogo ndiyo yanayosema. Kanuni yangu ni rahisi: programu ya kutuma ni njia ya kupitisha pesa, akiba inalala benki.

6. Niko Ghuba, mshahara unaingia kwenye kadi aliyoileta mwajiri. Nitatumaje nyumbani?

Emarati mishahara ya waajiriwa wengi hupita kwenye mfumo wa serikali wa kulinda mishahara, na wengi hupewa kadi ya mshahara badala ya akaunti kamili. Kadi hiyo mara nyingi ina programu yake. Isajili kwa simu yako na kitambulisho chako mwenyewe. Unaweza pia kutoa fedha na kwenda duka la kubadilisha fedha lenye leseni, kama Al Ansari au LuLu Exchange, ambayo nayo yana programu. Saudia utahitaji iqama (kibali cha ukaaji) iliyo hai. Ikiisha muda, huduma za kutuma husimama.

Dada zetu wa kazi za ndani wanaulizwa sana na bosi: "nikutumie mimi?" Jibu kwa adabu kuwa utatuma mwenyewe. Risiti yenye jina lako ndiyo ushahidi wako siku ya mgogoro wa mshahara. Na kadi na namba ya siri vikae kwako, hata kama anayeviomba anasema ni utaratibu wa nyumba.

## Kutuma nyumbani

7. Programu gani ni nafuu kuliko zote?

Hakuna iliyo nafuu kila siku na kwa kila njia. Wise, Remitly, WorldRemit, Taptap Send, Sendwave, LemFi na NALA (iliyoanzishwa na Mtanzania, Benjamin Fernandes) zote zina siku zake. Inayoongoza kutoka London kwenda Nairobi inaweza kuwa ya tatu kutoka Houston kwenda Mwanza.

Pima kwa swali moja tu: nikitoa kiasi hiki kwenye akaunti yangu, mpokeaji anapata shilingi ngapi mkononi? Weka programu mbili au tatu, fungua zote dakika hiyo hiyo, andika kiasi kile kile, tazama mwisho. Mengine yote, "bila ada", "ofa ya wiki", "mteja wa dhahabu", yaache.

Angalizo: bei ya kwanza huwa ni ya kukukaribisha. Ukituma mara ya pili, pima upya.

8. Wanasema hawakati ada. Wanakula wapi?

Kwenye bei ya kubadilisha. Tuchukue mfano wa kubuni, unataka kutuma pauni 200. Programu ya kwanza haina ada, inabadilisha pauni kwa shilingi 3,300 za Tanzania: zinafika 660,000. Ya pili inakata pauni 1.99 lakini inabadilisha kwa 3,360: zinafika 665,313. Ile yenye ada imempa mama shilingi elfu tano na ushee zaidi. Ukituma kila mwezi, hesabu mwenyewe ni gunia la nini kwa mwaka.

Angalia pia unalipia kwa njia gani. Kadi ya mkopo huhesabiwa na benki nyingi kama umechukua fedha taslimu, riba inaanza siku hiyo. Lipa kwa akaunti ya benki au kadi ya kawaida.

9. Mama anahitaji laki mbili kamili. Nitume laki mbili?

Tuma na ya kutolea. Ukituma 200,000 kamili, wakala akikata makato yake mama hapati laki mbili. Baadhi ya programu zina sehemu ya kuongeza makato ya kutolea. Kama haipo, uliza nyumbani kiwango cha sasa cha mtandao huo uongeze mwenyewe. Lakini kabla ya hapo uliza pesa ni ya nini. Kama ni dawa au ada ya shule, inaweza kulipwa kwa simu bila kutolewa kabisa, na makato yakapungua. Hilo limeelezwa kwenye swali la 18.

10. Nisubiri shilingi ishuke ndipo nitume?

Kwa pesa ya kula, ada na hospitali, hapana. Mwaka 2024 umetufundisha wote. Mwezi Januari dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na walikuwepo waliosubiri ifike 200. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Mwaka huo huo shilingi ya Tanzania ilivuka 2,700 kwa dola, kisha mwishoni mwa Desemba ikawa karibu 2,400. Waliosubiri zaidi walipoteza zaidi.

Kwa pesa kubwa isiyo na haraka, kama ya kiwanja, gawanya mara tatu au nne kwa miezi tofauti. Programu nyingi zina kengele ya bei: unaandika kiwango unachotaka, ikifika inakuarifu.

Wengi walioko Ghuba wana wepesi mmoja. Dirhamu ya Emarati imefungwa kwa dola kwa 3.6725, riyali ya Saudia kwa 3.75, na riali moja ya Oman ni kama dola 2.60. Kwa hiyo usihangaike na habari za dirhamu. Tazama dola na shilingi tu, jibu ni hilo hilo.

11. Kwenye simu au benki, kipi bora?

Kiasi kidogo na cha haraka, simu. Kiasi kikubwa, benki, kwa sababu laini ina kikomo. Kwa M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na laini haibebi zaidi ya 500,000. Ukituma kitu kinachozidi nafasi iliyobaki kwenye laini ya mpokeaji, muamala unarudi au unakwama. Tanzania kikomo hutegemea aina ya usajili wa laini, kwa hiyo mpokeaji aulize mtandao wake kabla hujatuma milioni.

12. Marekani wameweka kodi ya kutuma pesa. Nami nitakatwa?

Ipo, ni asilimia 1, na imeanza 1 Januari 2026. Inamgusa anayelipia kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya posta. Anayelipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa na benki ya Marekani hakatwi. Kwa anayetumia programu iliyounganishwa na akaunti yake, hakuna kilichobadilika. Anayepeleka noti dukani ndiye wa kumsaidia afungue akaunti.

13. Natuma Congo. Dola au faranga?

Muulize mpokeaji kwanza. Kule M-Pesa, Orange Money na Airtel Money zina mfuko wa dola na wa faranga kwenye laini moja. Kodi ya nyumba na ada mara nyingi hutajwa kwa dola, sokoni ni faranga. Ukimtumia faranga kisha akalazimika kununua dola kwa wakala, amekatwa mara mbili.

## Mambo yanapoharibika

14. Nimetuma kwenye namba siyo. Nitarudishiwa?

Kasi ndiyo kila kitu. Fungua programu uliyotumia, tafuta kitufe cha kughairi, na piga huduma kwa wateja papo hapo. Kwa Marekani sheria inakupa dakika 30 za kughairi baada ya kulipa, mradi pesa haijaingia kwa mpokeaji. Tatizo ni kwamba pesa ya kwenye laini huingia kwa sekunde, hivyo mara nyingi dirisha hilo limefungwa kabla hujagundua.

Mtandao wa nyumbani hauwezi kukusikiliza wewe moja kwa moja, kwa sababu mtumaji kwao ni ile kampuni ya programu. Wewe lalamika kwa kampuni, kampuni ilalamike kwa mtandao. Ila kama ulituma kutoka laini yako mwenyewe ya Safaricom, peleka ile meseji ya muamala kwenye 456.

Kinga ni hii: kabla ya kubonyeza, soma jina linalojitokeza. Na kwa mpokeaji mpya, tuma kiasi kidogo kwanza, subiri athibitishe kwa sauti, kisha tuma kilichobaki.

15. Muamala umezuiwa, wanadai hati ya mshahara na maelezo ya uhusiano. Nimekosa nini?

Huenda hujakosa chochote. Kampuni hizi zinalazimishwa na sheria kulinganisha majina na orodha za vikwazo, na ndugu wenye majina kama Mohamed, Hassan au Abdallah hukwama mara nyingi kuliko wengine kwa sababu tu jina linafanana na la mtu mwingine. Inauma, na ni haki kukasirika, lakini kinachofungua mlango ni kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa cha mtumaji na cha mpokeaji.

Sababu nyingine ni kiasi kuruka ghafla. Aliyekuwa akituma pauni 100 kila mwezi akituma 6,000 za kiwanja, mfumo unashtuka. Andaa mapema: hati tatu za mshahara, taarifa ya benki, na mkataba wa mauzo. Kwenye sehemu ya maelezo andika ukweli mfupi, "matumizi ya familia" au "ada ya shule". Usiweke utani wala majina ya nchi zilizowekewa vikwazo.

16. Kuna jamaa anatoa bei nzuri kuliko programu: nampa pauni huku, mtu wake anampa mama shilingi kule. Kuna ubaya?

Hili ndilo swali ninaloliona linawaumiza watu wengi zaidi, na linaulizwa kwa sauti ya chini. Wengi wanaofanya hivi ni watu wazuri tu, majirani, wenye duka. Hata hivyo, hatari ni tatu.

Ya kwanza ni wizi: siku mtu wa kule asipolipa, huna risiti wala pa kwenda. Ya pili ni sheria: kusafirisha fedha za watu bila leseni ni kosa Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba, na anayekamatwa anakuwa na orodha ya waliomtumia. Ya tatu ndiyo isiyofikiriwa. Hujui zile pauni zinazoingia kwenye akaunti yako, pale unapokuwa upande wa kupokea, zimetoka wapi. Zikiwa zimetoka kwa mtu aliyetapeliwa, benki inafuata mkondo mpaka kwako.

Hapo akaunti inafungwa bila maelezo. Uingereza jina likiwekwa kwenye kumbukumbu za Cifas (shirika la kuzuia utapeli ambalo benki hulitazama) hukaa miaka sita, na kwa muda huo kupata akaunti, mkopo wa nyumba au hata mkataba wa simu ni mateso. Ndivyo wanafunzi wanavyonaswa pia: "pokea hela hii kwenye akaunti yako, baki na kidogo, nyingine nitumie". Kataa, hata kama anayeomba ni mtoto wa shangazi.

Tofauti ya bei kati ya jamaa na programu ukiihesabu kwa njia ya swali la 8, mara nyingi ni elfu chache. Haitoshi kuweka akaunti yako rehani.

17. Meseji za utapeli zinatufikia hata huku. Nizitambueje?

Ile ya zamani, "ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea…", bado inakula watu, kwa sababu mtu wa ughaibuni ana hela ambayo kweli alikuwa anataka kuituma. Kama ulikuwa unasubiri namba ya fundi na meseji ikaja saa hiyo hiyo, unatuma bila kufikiri. Siku hizi wanaiga hata sauti na kuteka akaunti ya WhatsApp ya ndugu yako halisi.

Piga simu ya kawaida, si ya WhatsApp, kwenye namba uliyokuwa nayo zamani. Muulize kitu ambacho nyinyi wawili tu mnakijua. Asipopatikana, subiri, hata kama meseji inasema mgonjwa yuko mlangoni mwa hospitali. Namba ya siri na zile tarakimu za uthibitisho hazitajwi kwa mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa huduma kwa wateja.

Tanzania meseji za aina hii zipelekwe 15040, na kwa laini za Safaricom 333. Uingereza, tangu 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa akatuma mwenyewe, hadi pauni 85,000, lakini ni kwa malipo ya ndani ya Uingereza tu. Pesa iliyokwenda M-Pesa haimo.

## Kupanga, kujenga, kuweka

18. Natuma pesa ya ujenzi, inaishia kwenye mambo mengine. Programu itanisaidiaje?

Acha kumtumia msimamizi jumla. Jitumie mwenyewe kwenye akaunti yako ya benki au laini yako ya nyumbani (ndiyo sababu ya swali la 1), kisha ulipe kila kitu kutoka humo kwa programu. Duka la vifaa lina Lipa Namba au Till. Unalipa saruji ukiwa Birmingham, risiti inakuja na jina la duka, na mzigo unakwenda saiti. Fundi analipwa kwa jina lake baada ya kutuma picha na video ya hatua iliyokamilika. Ada ya shule na malipo ya serikali Tanzania yana namba ya kumbukumbu ya malipo, na Kenya yana Paybill. Umeme wa LUKU unanunua mwenyewe, unamtumia bibi tarakimu 20 anaingiza kwenye mita.

Faida ya pili ni taarifa ya akaunti. Mwisho wa mwezi unaipakua na unaona mifuko mingapi imelipiwa. Maneno yanapungua sana ndugu wanapozungumza wakiwa na karatasi mbele yao, na undugu unabaki salama. Msimamizi naye apewe posho yake inayoeleweka, kwa tarehe, kwa jina lake. Wengi wanaochota pesa ya saruji ni watu waliofanyishwa kazi ya miezi bila kulipwa, na hilo sisi wa huku tuna sehemu yetu.

19. Kikoba chetu cha ughaibuni kinakusanya kwenye akaunti ya mweka hazina. Ni sawa?

Hapana. Akaunti binafsi inayopokea malipo ya watu thelathini kila tarehe moja inaonekana kama biashara, na ikizuiwa pesa ya wote imezuiwa. Mweka hazina akifariki, pesa inaingia kwenye mirathi yake. Fungueni akaunti ya kikundi yenye katiba na watia saini wawili au watatu. Kwa wenye laini hai za Vodacom Tanzania ipo M-Koba, ambayo imetengenezwa kwa vikundi na wanachama huona michango.

20. Naweza kuwekeza nyumbani kwa simu?

Unaweza. Kenya, Benki Kuu ilizindua DhowCSD mwaka 2023, mfumo unaokuwezesha kununua hati fungani za serikali kwa simu, kuanzia shilingi 50,000, mradi una akaunti ya benki ya Kenya. Tanzania, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Umoja ulioanza 2005, vinanunuliwa pia kwa simu. Anza na kiasi ambacho hutakihitaji mwaka huu.

21. Naishi Marekani. Akaunti yangu ya nyumbani inaihusu serikali ya huku?

Kama wewe ni raia, una kadi ya kijani au unahesabiwa mkazi kwa kodi, na jumla ya akaunti zako zote za nje imevuka dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, unapaswa kujaza fomu ya FBAR, ya kutaja akaunti zako za nje. Ni taarifa, si kodi. Tarehe ni 15 Aprili, na nyongeza hadi 15 Oktoba inakuja yenyewe. Inajazwa mtandaoni bila malipo. Wenye pesa ya ujenzi inayosubiri benki ndio hasa wanaosahau, na faini yake ni kubwa.

22. Simu imeibiwa mtaani ikiwa wazi. Nianze wapi?

Benki kwanza, kisha laini, kisha polisi. Kwa simu ya rafiki, piga benki wafunge kadi na programu. Uingereza namba 159 inakuunganisha na benki nyingi kubwa. Halafu mtandao wa huku wafunge laini, na wa nyumbani vivyo hivyo (swali la 3). Futa simu kutoka mbali kupitia akaunti yako ya Google au Apple.

Leo, kabla haijatokea, weka namba ya siri ya programu za pesa iwe tofauti na ya kufungulia simu, na futa ile picha ya kadi iliyoko kwenye picha zako.

23. Narudi nyumbani moja kwa moja. Nifunge programu zote?

Usifunge siku ya safari. Badilisha kwanza namba na barua pepe kwenye kila akaunti, kwa sababu namba ya ugenini itakufa na meseji za uthibitisho zitakwenda nayo. Pakua taarifa za miaka yote uliyofanya kazi na uhifadhi namba za akaunti ya pensheni. Futa malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi, au utajikuta na deni la gym uliyoiacha Leicester.

Walioko Ghuba wasiifunge akaunti wala kurudisha kadi kabla kiinua mgongo hakijaingia. Emarati sheria inamtaka mwajiri alipe haki zote ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha. Zisome kwenye programu kwa macho yako, zitume nyumbani kwenye akaunti yenye jina lako, na ndipo usaini karatasi ya kwamba umelipwa.